Silansie ya Tata Kankolongo

Mu treni ya kutoka Kolwezi, mwaka ile ya kufukuza bantu ba Kasai, nilikaa mbele ya tata mumoja, Kankolongo. Alipakata silansie ya motokari, ile chuma ya kutuliza makelele ya moshi, ameifunga mu kikwembe kama mutoto. Mi muzee, sikio moja ilishakufa, lakini ile ingine inafanya kazi ya mbili.

"Tata," mama Stéphanie, muuza bunga wa Tenke, akamuuliza, "umeacha nyumba, umebeba hii?"

"Niliiweka mi mwenyewe, mama. Siku ya Mungu tatu nimelala chini ya motokari mu lupango ya nyumba, nasudura chuma na moto, nafunga na mipira." Alieleza kama vile anaeleza ndoa yake. "Motokari nimeachia jirani Nkulu. Ameapa haitatoka mpaka nirudi. Basi nimeitoa silansie. Akiitembeza, Kolwezi muzima itasikia."

"Atatafuta ingine."

"Wapi? Maduka yote imefungwa."

"Atatengeneza ya kopo ya maziwa, kama weye!"

"Yangu si kopo, mama. Heshima!"

Tulicheka wote, hata bale benye kulia tangu asubuhi.

Treni ikasimama Tenke. Inje, motokari moja ikapita na makelele ya kufufua bafu. Tata Kankolongo akaruka ku dirisha, akasikiliza, akarudi kukaa, roho imetulia.

"Si yangu. Nkulu ni mutu muzuri."

"Ao bado hajapata esansi ya kutia mu motokari," mama Stéphanie akasema, akashuka na mufuko yake.