Safari ya Nikuze kwenda kutazama popo

Ndani ya gari la Kayanga, nilikaa nyuma ya wanawake wawili ambao hawakuwa wanajuana. Shufaa, mwenye duka la vitenge, alimwamkia mama wa pembeni yake shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akauliza papo hapo, "Mwanangu, Pemba unaijua?"

"Baba yangu katoka huko. Kuna nini?"

Mama huyo, Nikuze wa Nyakatuntu, alieleza kwamba kikundi chao cha wakulima kimemchagua aende Pemba kujifunza kwa wanakijiji wanaotunza popo ili wageni waje kuwatazama. Miti ya shambani kwake imejaa popo, na mumewe Sebahire anataka kuikata, akisema popo hao wanamaliza ndizi zao.

"Babu yangu alikuwa akiwawinda," Shufaa akacheka. "Siku hizi wanalindwa. Ni wakubwa, sura kama ya mbwa."

"Wanakula ndizi?"

"Ndizi, maembe, chochote kilichoiva."

"Basi mume wangu hajasema uongo," Nikuze akasema, sauti ikishuka. Mimi nilikuwa najifanya nasoma simu iliyokwisha chaji.

"Lakini usikate kabla hujaenda kuona, mama."

"Wewe ulipowaona uliwapenda?"

Shufaa akatikisa kichwa. "Sijawahi kufika. Nimezaliwa hapa hapa Kayanga."

Nikuze akamshika mkono. "Basi niambie, nikifika nimsalimie nani?"

Gari likasimama stendi. Watu walishuka, nami nikashuka. Shufaa alikuwa bado amekaa, akiandika jina la shangazi yake wa Pemba nyuma ya tiketi.