Nakala ya Juu ya Mwalimu Kahongya Berthe

Mapadri wetu, wakubwa wa mtaa, walimu, wanafunzi wa zamani na wa leo, wenzake wa promotion, mliosoma naye chuo mwaka mmoja, mliotoka Beni, Lubero na Manguredjipa, ndugu na majirani wote, mimi ni Lusenge, mdogo wake wa mwisho, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Mwalimu Kahongya Vagheni Berthe, kabla hatujampeleka kaburini. Ninaomba tangu mwanzo mnisamehe mambo mawili. La kwanza ni kelele ya mashine ya kuandikia iliyosikika jana kutwa nyuma ya jiko, hapa hapa kwenye matanga, hata mama mmoja akauliza ni nani huyo asiye na adabu anayefanya kazi ya bureau penye msiba. La pili ni mstari mmoja kwenye karatasi mliyoshika mkononi, ule wa masomo, ambao si wa kweli, na aliyeupeleka kwenye imprimerie ukachapwe ni mimi. Yote mawili nitayaeleza, kila moja mahali pake.

Dada Berthe alizaliwa Lubero tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya watoto sita wa marehemu baba yetu Vagheni, karani wa misheni, na wa mama yetu Tamar, mkulima wa viazi na maharage, ambaye yuko hapa mbele yenu na ambaye asubuhi hii ametuomba tusimlilie mtoto wake kwa fujo. Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Lubero kuanzia Septemba 1972 hadi Juni 1978, akaendelea na sekondari hapo hapo, akapata diplôme d'État mwaka 1984, akafundisha miaka miwili, na tarehe 6 Oktoba 1986 akashuka Butembo kuanza chuo cha ualimu, akiwa juu ya camion ya viazi, na magotini amepakata mashine ya kuandikia ya baba, imefungwa ndani ya blanketi kwa sababu ya vumbi.

Mashine hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane chuoni, kwa kuwa promotion yao ilikuwa ya watu kumi na mmoja na mashine moja tu. Mwaka wa tatu, 1989, kila mwanafunzi alitakiwa kutoa kazi yake ya mwisho, ile TFC, ikiwa imechapwa, na wengi wao hawakujua hata karatasi inaingizwa upande gani. Dada alichapa ya Syauswa Julienne, ambaye walilala chumba kimoja kwa miaka mitatu, akachapa ya Abdias wa Eringeti, akachapa ya Tshibangu Gustave, mtoto wa mwanajeshi aliyetoka Kasai, akachapa na nyingine tano, mpaka vidole vikavimba, na ya kwake ikabaki kwa wino wa bic ndani ya daftari. Tarehe 22 Julai 1989 majina ya waliofaulu yalisomwa, wenzake wakamwagiwa poda vichwani, wakaimba, wakabebwa, naye akaambiwa arudi session ya pili, mwezi wa Septemba, akiwa na kazi iliyochapwa.

Karatasi mliyo nayo inasema, «Graduée en pédagogie, 1989», yaani alihitimu ualimu mwaka huo. Dada yangu hakurudi. Baba alianguka shambani tarehe 19 Agosti, akafariki tarehe 3 Septemba, mama akabaki na sisi, mimi nikiwa na miaka minane, na mwezi wa Oktoba Dada alichukua darasa la mwaka wa kwanza pale Lubero ili tule na tuendelee kusoma, na sisi watano wote tulisoma mpaka mwisho. Mimi ninayeitwa leo ingénieur, na ninayependa kuitwa hivyo, niliupata huo u-ingénieur kwa sababu yeye hakumaliza, na ni aibu kwangu kwamba niliona haya kuliandika jambo hilo.

Lakini kulikuwa na uongo mmoja, na alitaka usemwe. Mwezi wa Novemba mwaka ule Julienne alimwandikia kutoka Butembo akiuliza kama session ya pili ilikwenda vizuri, na Dada, akiwa bado na nguo za msiba, akajibu kwa maneno mawili, «Ilienda muzuri», akafunga bahasha. Kwa Serikali hakudanganya, orodha za mishahara zilimtaja D6, mwenye diplôme d'État tu, mpaka siku ya mwisho, naye alimweleza mume wake kabla ya mahari. Ni wenzake kumi tu ambao hakuweza kuwaambia, kwa sababu aliamini kwamba siku wakijua hatakuwa tena mmoja wao, na hao wenzake aliwapenda kupita kiasi, ninasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu.

Ni yeye aliyewashika pamoja. Kuanzia Noeli ya 1989, kila mwisho wa trimestre, mara tatu kwa mwaka, aliandika barua moja kwa wote, nani amezaa, nani amehamishwa, nani amefiwa, nani ananyamaza na asikie haya, akaichapa mara mbili na papier carbone, kwa kuwa mashine haikubali zaidi ya karatasi sita kwa mara moja, ya juu ikitoka nyeusi safi, ya chini kabisa ikiwa hafifu kama moshi. Ya juu aliituma kwa zamu, leo Beni, mara ijayo Manguredjipa, ili asiwepo wa kulalamika, na ile ya chini, ambayo ilibidi kuinua kwenye mwanga wa dirisha ili uisome, alijiwekea mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilimuuliza kwa nini hajipi hata mara moja nakala nzuri, akanijibu, «Miye nilisha kuijua yote, iko inanisaidia nini?» Barua zilikwenda na madereva, na masista, na wafanyabiashara wa maharage, na hata simu zilipofika, hata walipofungua kundi la WhatsApp mwaka 2016, hakuacha, kwa sababu kule Manguredjipa réseau ilikuja na kuondoka, na kwa sababu, alisema, mambo ya simu yanafutika.

Tarehe 28 Desemba 1991 alifunga ndoa takatifu hapa Butembo na Bwana Kataliko Éliakim, mfanyabiashara wa viazi, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu, ambaye alitutangulia tarehe 6 Juni 2011. Mungu aliwapa watoto watatu, Victoire aliyezaliwa Oktoba 1992, Mathe wa mwaka 1995 na Audrey wa mwaka 1999, pamoja na wajukuu wanne. Tangu 1989 alifundisha Lubero miaka miwili na Butembo miaka thelathini na mbili, mpaka Juni 2023, kila mara mwaka wa kwanza, na wengi wenu mliosimama hapa mlijifunza kuhesabu kwa maharage yake, ndani ya kopo la sardine, kwanza kwa Kinande, halafu kwa lugha nyingine. Mlidhani ni mchezo. Ndiyo ilikuwa TFC yake, jinsi ya kufundisha hesabu kwa mtoto anayefika shuleni akijua Kinande tu, na aliitetea mbele yenu ninyi wadogo, kila asubuhi, bila ninyi kujua.

Mwaka 2014, watu walipokimbia mauaji ya Eringeti, Abdias alifika Beni na mke, watoto watano na godoro moja, na hakumwambia mtu, kwa sababu mwalimu naye ana kiburi chake. Dada alimtafuta kwa madereva siku nne, akampata, akaandika barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na wiki mbili hazikupita promotion ilikuwa imempatia nyumba na darasa la kufundisha. Abdias ameniomba niseme kwamba nakala ya juu ya barua ile ilimfikia yeye, ijapokuwa haikuwa zamu yake.

Ugonjwa ulianza Agosti 2024, maumivu ya tumbo aliyoyaita uchovu, na tarehe 17 Februari 2025 aliingia hospitali hapa Butembo, ambako waganga walituambia ukweli kwa upole. Mwezi wa Aprili aliniita, akaniamuru nichukue kalamu, akaanza kunisomea maisha yake mwenyewe kama dictée, na tulipofika kwenye masomo akasema, «Andika: hakumaliza.» Nilikataa. Nikamwambia, «Dada, hiyo inasaidia nani?» Akaniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nikiwa na miaka minane, akasema, «Lusenge, hapana kusoma bongo, mambo ya uongo, mbele ya sanduku yangu. Lakini ba promotion basikie kwanza kwa kinywa yangu. Bakinitosha, bakifuta jina yangu kwa liste, ni haki yabo.»

Jumamosi tarehe 26 Aprili walikuja, Julienne, na Abdias kutoka Beni, na Tshibangu kwenye simu kutoka Kananga, ambako amestaafu. Dada aliomba ainuliwe na mito, akawaambia yote, session ya pili, baba, barua ya maneno mawili, akasema anaomba msamaha na kwamba anajua maana yake. Mimi niliangalia ukuta. Ndipo Julienne akasema taratibu, «Berthe, tunajua tangu nonante-deux.» Mwaka ule wa 1992 Julienne aliajiriwa kwenye sekretariati ya chuo, akanakili daftari la waliomaliza, jina la rafiki yake hakuliona, akawaambia wenzake tisa, na wote waliahidiana kwamba hakuna atakayemuuliza, na walipokutana Beni mwaka 1995 kuchagua chef de promotion walimchagua yeye, huku wakijua.

Watu wanadhani alilia. Dada yangu alikasirika. Alisema, «Mulijua, na mukaniacha nateseka miaka yote hii?» na hasira hiyo ilimrudishia rangi usoni kuliko serum zote za mwezi ule. Abdias ndiye aliyemjibu, akasema, «Weye ulituandikia zetu. Sisi tulikuwa tunangojea utulete yako.» Hapo ndipo alipolia, na sisi pia, mpaka infirmière akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Jioni ile ile alinituma nyumbani, chini ya sanduku la nguo, nikaleta daftari, kurasa hamsini na nane za bic ya buluu, na wenzake wakaondoka nalo. Utepe wa mashine ulipatikana Beni kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi zamani. Kuanzia tarehe 28 Aprili walichapa kwa zamu, Julienne kwa vidole vyote, Abdias kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, na Tshibangu kwenye simu akitaka asomewe kila ukurasa, akisahihisha koma ambazo hakuna aliyemuomba asahihishe. Kila siku walimpelekea kurasa zilizokuwa tayari, naye alizisoma akiwa na kalamu, na ukurasa wa ishirini na tisa aliurudisha kwa sababu ya kosa moja. Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, kengele za misa ya pili zikilia, alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Zilikuwa zimebaki kurasa sita.

Kurasa hizo sita ndizo mlizozisikia jana nyuma ya jiko. Hakuna diplôme iliyoombwa, na hakuna atakayeiomba. Kalamu mnazo, ninawaomba mfute mstari ule kwenye karatasi zenu, na mahali pake muandike, «Alichapa za wenzake.»

Familia inawashukuru waganga na infirmières waliomhudumia kwa miezi mitatu bila kuchoka, mapadri waliomletea Komunyo, walimu wenzake, majirani wa Vulindi waliopika, waliochota maji na waliolala chini kwenye baridi pamoja nasi, madereva waliobeba barua zake kwa miaka thelathini na tano bila kupoteza hata moja, na promotion ya 1989, ambao kuanzia leo ni ndugu zetu na tutawahesabu hivyo. Wasingya kutsibu, asanteni sana.

Dada, wamechapa nakala sita, kama desturi yako. Moja itabaki na Mama, tatu na watoto, na ile hafifu, ya chini kabisa, nimeiomba mimi, nami nitaisoma dirishani. Ya juu, iliyo nyeusi safi, Julienne ameiweka asubuhi hii mikononi mwako, kabla ya kufunika. Safari hii zamu ni yako. Pumzika kwa amani.