Gia Tatu za Nahodha

Maureen hakukusudia kuwasikiliza. Aliacha tu kutafuna peremende, ili asikie vizuri.

Mbele yake, ndani ya basi la kupanda ngomeni katika mji wa Lincoln, Uingereza, aliketi bwana mnene aliyejipamba kwa tamasha la mavazi ya enzi za mvuke, mwenye miwani ya rubani na kofia ndefu iliyofungwa gia tatu za shaba. Kando yake alikuwa bibi mmoja aliyekwisha kutangaza mara mbili kwamba ametengeneza saa miaka arobaini.

"Mwanangu, gia zako zimekabana," bibi alisema. "Tatu zikiumana hivyo, haizunguki hata moja."

"Mama, mimi ni nahodha wa meli ya angani. Inakwenda kwa mvuke."

"Basi itaanguka."

"Itaangukaje? Haipo!"

"Haipo, na bado umeshaiharibu?"

Maureen alimeza peremende nzima.

Bwana akashusha sauti. "Mama, wiki nzima nakodolea macho kompyuta nisiyojua ndani mna nini. Kofia hii kila kitu chake kiko nje. Nakiona."

Bibi akachomoa bisibisi ndogo mkobani. "Inama."

Akafungua gia moja, akaitia mfukoni. Bwana akasukuma moja ya zilizobaki kwa kidole, na ya pili ikafuata, krr, krr. Akapigwa na butwaa.

"Sasa inafanya nini?" bwana aliuliza.

"Inazunguka."

Basi likasimama. "Ngomeni, mwisho wa safari! Shukeni!" dereva akapaza sauti.

"Nani ashuke?" nahodha alifoka, kidole kwenye gia. "Ndiyo kwanza tunapaa!"

Maureen akajikuta amekishika kiti kwa mikono miwili.