Vifaranga Waliotulia Mno

Benchi la mbele ya kinyozi halikosi watu asubuhi, ila leo kahawa ilikuwa hainyweki. Fundi cherehani alikaa pembeni, roho juu. Mkewe alikwenda kumuuguza mama yake, akamwachia vifaranga mia mbili, kitu cha kwanza alichokianzisha mwenyewe tangu waoane. Walipoanza kudonoana hadi damu, juzi Fundi akawachanganyia chakula na unga wa triptofani. Sasa wamekaa tu kwenye maranda, macho nusu wazi, na mke yuko njiani anarudi.

— Uliweka kiasi gani? aliuliza Ufagio, mfagizi wa kliniki ya mifugo, ambaye ndiye aliyemwelekeza.

— Kijiko kimoja, kama ulivyosema. Na vya kuzidishia kidogo.

— Vingapi?

— Viwili. Si unajua mshono lazima uuachie nafasi. Nguo ikizidi, unapunguza.

— Na hapa utapunguzia wapi, Fundi?

Fundi alikiweka kikombe chini.

— Ule unga ni asidi amino, Ufagio aliendelea. Ukifika kwenye ubongo unageuzwa kuwa kitu cha kutuliza. Mnyama anapunguza mbio. Hivyo ndivyo nilivyomsikia daktari.

— Basi injini imezima, alisema Gia, dereva mstaafu. Wasukumeni kwa nyuma, watawaka.

— Injini wapi, alidakia Redio, kinyozi mwenyewe. Hao wanafikiri. Kuku akianza kufikiri hatembei tena. Mtazame shemeji yangu.

— Na mwizi akipewa? aliuliza Gia.

— Atakaa dirishani mpaka polisi wafike. Wakubwa wanaujua unga huu, wanatuficha tu.

— Jamani, nyamazeni, alisema Fundi. Nitamwambia nini mama watoto?

Mama watoto alikuwa ameshatokea kwenye kona, begi begani. Ufagio akamweleza yote mbiombio, pamoja na habari za ubongo. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Haya, nimeelewa. Hawatembei. Maji wanakunywa?

Redio akautazama wembe wake. Gia akajikuna kidevu.

— Baba watoto, nakuuliza wewe. Tangu juzi wamekunywa?

Chombo cha maji kilikuwa kwenye ukuta wa pili wa banda, mbali na maranda. Asubuhi Fundi alikikuta kimejaa pomoni kama alivyokijaza juzi, akashukuru kwamba leo kazi imepungua. Alisimama amweleze. Mkewe alikuwa ameshatupa begi chini, anakimbilia uani.