Mapafu, Refa Aliyegeuka Getini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mapafu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1981, kitinda mimba wa fundi seremala na mshona nguo. Alikuwa mtundu toka utotoni. Hajabadili meno alishavunjwa pua na kaka yake kwa ugomvi wa mpira wa makaratasi, naye akalipa kwa kumng'ata sikio. Kaka yupo hapa, na kovu analo.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya machinjio, kisha shule ya ufundi, akamaliza mwaka 2000. Ngumi zote za uwanjani zilianzia kwake, hadi mwalimu wa michezo akachoka. "Wewe mgomvi, shika filimbi," alimwambia, "tuone leo utampiga nani."

Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti. Kila alfajiri, kabla ya kufungua karakana, alikimbia. Alisema refa anayetazama mpira kwa mbali anabahatisha, na anayebahatisha anawagombanisha watu. Wachezaji walipokuwa wakihema dakika za mwisho, yeye alikuwa bado yuko pale pale mpira ulipo. Hilo halikumwepusha na kipigo. Alipigwa mawe, chupa, hata kiti cha plastiki.

Jiwe moja lilimpasua kichwa, likampeleka kwa muuguzi mmoja mkali. "Ukirudi tena wiki ijayo nakushona bila ganzi," alionywa. Wiki iliyofuata akarudi, mzima wa afya, amechana nywele. Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 2008.

Tarehe 17 Mei mwaka huu, mechi ikikaribia kwisha, marehemu aliwapa wageni penalti. Beki alimkata mshambuliaji miguu mbele ya macho yake. Ilikuwa penalti halali, na familia inasema hivyo mbele ya kaburi. Mashabiki wakabomoa uzio. Marehemu alikimbia na hakuna aliyemkaribia, alishafika getini. Alipogeuka akamwona mshika kibendera wake ameanguka uwanjani, kifua kimembana. Akarudi, akamlalia kumkinga. Walimpiga kwa nondo na mateke hadi figo zikaharibika. Baadhi yenu mliobomoa uzio mmekuja leo na nguo nyeusi. Tunawaona. Kaeni, msikilize.

Hospitalini kaka alisema, "Huyo mshika kibendera nikimwona hapa namvunja miguu. Hana pumzi, nani alimpa kazi ya kukimbia?"

Marehemu, mdomo umevimba, akamjibu, "Mimi. Kwenye majaribio ya mbio ya waamuzi alikuwa anakata tamaa. Nikakimbia mbele yake, nikamvuta mpaka akafaulu. Nilimwonea huruma, kaka. Bila mimi, siku ya mechi angekuwa kwake amelala." Alifariki tarehe 21 Mei, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mama mzazi na kaka. Mjane ameagiza mshika kibendera naye ahesabiwe kati ya walioachwa, akae safu moja na ndugu. Kaka alikataa katakata. Lakini leo asubuhi amekwenda mwenyewe kumchukua nyumbani, akamshika mkono mpaka kwenye kiti, wakisimama njiani kila alipoishiwa pumzi.

Lala salama, mwamuzi wetu. Mungu akupe amani ambayo sisi uwanjani tulikunyima.