Walisema Nalisha Misukule

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Nimeombwa nisitaje majina. Sawa. Nitataja vyeo, mwenye cheo chake atajijua.

Mnakumbuka mwaka wa pili tangu tuhamishiwe hapa kijijini, yale mafua mabaya yaliyotulaza wote. Ninyi mlipona. Mimi yaliisha, kikaanza kingine. Moyo unakimbia nimekaa, mikono inatetemeka, jasho jingi, na njaa. Njaa, akina mama. Kwenye shamba la ujamaa nilikula ugali wa watu wawili, na bado gauni likanipwaya. Kisha shingo ikajaa, macho yakanitoka.

Aliyeanza ni wifi yangu. "Anakula anapeleka wapi? Huyu analisha misukule." Yaani mimi mchawi, nina wafu niliowaficha nawalisha. Mnajua neno hilo huku kwetu linavyoua. Mume wangu alilisikia, akaendelea kuchonga mpini wa jembe.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa ya kwenda hospitali mjini. Akanijibu, "Nguvu ya kula unayo, ya kulima huna. Ijumaa mkutano utakujadili." Ndugu zangu, kujadiliwa kulikuwa kufukuzwa, watoto wangu wabaki.

Aliyeniokoa ni mke mwenzangu. Ndiyo, chekeni. Asubuhi alinifuata jikoni: "Dada, vaa twende. Wakifukuza, watufukuze wote wawili." Tukaenda Tabora kwa miguu, napumzika kila baada ya hatua chache.

Daktari alinishika shingo, akauliza, "Kabla ya haya uliumwa nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia mafua. Akasema huenda ndiyo yaliyochokoza: kinga ya mwili ilipigana nayo, kisha ikaigeukia tezi ya shingo yangu mwenyewe, ikaichochea ifanye kazi kupita kiasi. Akanipa vidonge na cheti chenye muhuri.

Ijumaa mke mwenzangu alisimama na kile cheti. Mwenyekiti akakigeuza huku na huku, akasema, "Haya, tuendelee na habari ya mbegu." Basi. Samahani sijaisikia mpaka leo.

Vidonge nilimeza zaidi ya mwaka. Moyo ulitulia. Macho hayakurudi yote, mnayaona.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mke mwenzangu, yule pale anainamisha uso. Na ninyi mliokaa kimya mkutanoni, mliniuma kuliko wifi. Siku mtu mwingine akisimamishwa hapa, ainuke mmoja wenu aulize ameumwa nini. Mmoja tu. Mimi sikuwa na zaidi ya huyo.