Kwa Nini Mahir Hushindwa Siku ya Kwanza

Ukipita sokoni Langoni ukapinda kwa fundi seremala, kuna baraza ya mawe ambayo baada ya Laasiri haikosi watu watatu na dele la kahawa. Kuna Abdulwahid, aitwaye Rubani kwa sababu hubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Manda. Kuna Rayyan, aitwaye Wakili kwa sababu hakuna kesi asiyoitolea hukumu. Na kuna Bwanamkuu, aliyetamba katika mbio za punda enzi zake. Hadi leo huitwa Bingwa, ingawa goti lake moja halikunjiki sawasawa. Jumanne moja Bingwa alikuwa na jambo moyoni. Asubuhi Mahir, kijana wao aliyekwenda Nairobi akawa mpanda farasi, alimtumia ujumbe wa sauti: “Mwalimu, Ijumaa naanza mashindano yangu ya mwisho. Njoo unione.” Mpaka saa hiyo hakuwa amejibu.

— Miaka kumi na minane! alisema Rubani akimimina. Mashindano ya siku tatu. Siku ya pili, kuruka magogo na mitaro porini, Mahir hana mpinzani. Ya tatu, kuruka vizuizi uwanjani, haangushi hata kijiti. Lakini ya kwanza, ile ya kumtembeza farasi kwa madaha mbele ya waamuzi, hushindwa. Kila mwaka!

— Sababu naiyua, alisema Wakili.

— Wewe huna usiloliyua.

— Hukaa nyuma! Sisi punda twamkalia karibu na mkia. Huko farasi hukaliwa katikati, mgongo wima, kama mtu asubiriye kupigwa picha.

Bingwa alitabasamu. Yeye ndiye aliyemkalisha Mahir karibu na mkia wa punda, mtoto wa miaka kumi, miguu mitupu, na Langoni nzima iko nje inapiga kelele. Mbio za siku hizo zilikuwa mbio kweli. Alitamani zirudi hata kwa nusu saa.

— Si kukaa, ni kusema, alipinga Rubani. Nimeuliza watalii pale Manda. Siku ya kwanza ni marufuku kumsemesha farasi. Na yule farasi hafahamu ila Kiamu chetu!

— Kiamu amekisoma chuo gani?

— Kwa Mahir!

— Haya, mimi nawapa ya ndani, alisema Wakili akipunguza sauti. Akishinda siku zote tatu, dunia itauliza amejifundia wapi. Watakuya hapa na meli wanunue punda wote. Mawe ya kujengea tutabeba kwa kitwa!

— Hata mchanga!

— Hata mchanga. Ndiyo maana waamuzi hawampi ushindi: watuonea huruma.

Bingwa alicheka hadi kahawa ikamwagikia kikoi. Hapo Wafula, tabibu wa mifugo aliyehamia Langoni wiki tatu tu zilizopita na siku hiyo ameketi nao, aliweka kikombe chini.

— Wazee wangu, samahani kidogo. Kati yenu, nani amewahi kwenda kumwona akishindana?

Rubani alichungulia ndani ya dele. Wakili alianza, “Mwaka ule wa...” akaishia hapo.

Mahir alimwalika Bingwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza alisingizia harusi Kiwayu, wa pili goti, na miaka iliyofuata alisema lolote lililomjia mdomoni. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kumwona Mahir akiwa hodari kuliko yeye alivyowahi kuwa, halafu arudi barazani abaki Bingwa wa jina tu.

— Basi la Nairobi laondoka Mokowe saa ngapi? aliuliza.

— Alfajiri, alisema Rubani. Lakini Bwanamkuu, ni kutwa nzima ndiani! Na goti hilo?

Bingwa alitoa simu, akaibonyeza, akasema mbele yao wote:

— Mahir, ni mimi, Bwanamkuu. Miaka yote nimekudanganya. Si goti, wala si harusi. Nilikuonea wivu, mwanangu. Nakuya. Niwekee mahali pa mbele, nikuone vizuri.